Kupandikiza gego la chini: kutoka kupanga hadi siku linapoleta shida

Mzee mmoja alikuja kliniki na gego lake mkononi, amelifunga kwenye karatasi laini kama mtu aliyebeba kidani. "Daktari, limetoka zima," akasema, na kweli lilikuwa zima. Lilikuwa taji, yaani jino la bandia la kaure, lililofungwa juu ya kipandikizi alichowekewa nje ya nchi miaka minne nyuma, alipokwenda kumtembelea mwanawe. Taji lilipoanza kucheza alihamia kutafunia upande wa pili, miezi miwili nzima, akingoja apate safari ya kurudi kulekule. Nikamwomba kadi ya kipandikizi. "Kadi gani, mwanangu?" Skrubu ya ndani, ile inayoshika taji kwenye kipandikizi, ilikwisha kulika nyuzi kwa kule kuchezacheza, na kila kampuni huchonga nyuzi zake. Ikabidi tupige picha, tulinganishe na maumbo ya kampuni mbalimbali, tuagize skrubu, tungoje. Wiki tatu. Siku skrubu ilipofika, kazi yenyewe ilichukua dakika kumi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu kama yeye, kabla hajafika hapo. Nitafuata jino moja tu, gego la kwanza la chini, kwa sababu ndilo pengo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na kwa sababu karibu kila hatari ya kazi hii iko hapo: neva iko chini yake, mshipa wa damu uko kando yake, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna.

Gego hili huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka huambiwa "litatoka lenyewe", na kweli hutoka, lakini kwa koleo, mwenyewe akiwa na miaka ishirini na kitu.

Hatua ya 1: Uliza kama unalihitaji

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozikwa kwenye mfupa wa taya ishike mahali pa mzizi. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa mguu wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, mfupa ulikuwa umekikumbatia, hakitoki. Mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vya kwake mwaka 1965, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa bado anavitumia. Nawatajia wagonjwa habari hii wanaponiuliza kama kitu hiki "ni kipya, bado kinajaribiwa".

Lakini kudumu kwake hakumaanishi kila pengo lizibwe hivyo. Kama meno mawili yaliyo kando ya pengo yameshajazwa mno na yanahitaji mataji kwa vyovyote vile, daraja linaweza kuwa busara zaidi: meno hayo mawili yanachongwa, la tatu linaning'inia katikati. Kama ni mazima, hayajaguswa hata na kibrashi cha daktari, kuyachonga ni dhambi. Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa ni rahisi kwa bei, ila kwa pengo la gego moja watu wengi huishia kuyaweka kabatini. Na kama pengo ni la gego la pili, la nyuma kabisa, nawe unakula vizuri bila kulikumbuka, mimi hukushauri ubaki na hela yako.

Kwa gego la kwanza jibu langu mara nyingi ni ndiyo, na mapema. Jino likishang'olewa, mfupa hupoteza karibu nusu ya upana wake katika miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya kwanza. Wakati huohuo gego la juu hushuka polepole kutafuta mwenzake, na la nyuma hulalia pengo. Aliyekaa na pengo miaka kumi huja akitaka kipandikizi, kumbe anahitaji kwanza kuongezewa mfupa, kunyoosha jino lililolala na kupunguza lililoshuka.

Hatua ya 2: Mwili wako kabla ya taya lako

Hapa ndipo usipomficha daktari kitu. Beba dawa zako zote kwenye mfuko uje nazo, hata zile unazoona hazihusu meno.

Kisukari hakikuzuii, kisukari kisichodhibitiwa ndicho kinachokuzuia. Nataka kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Kikiwa chini ya asilimia 7 tunaendelea bila hofu, kikipita 8 tunarudi kwanza kwa daktari wa sukari. Kupima sukari ya asubuhi ile tu hakunisaidii sana, maana watu hujinyima chai siku ya kupimwa.

Sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa kushika kwa takriban mara mbili. Ugoro unaowekwa palepale kando ya ufizi sitaki hata kuujadili.

Dawa za mifupa ndizo zinazosahaulika. Bibi anameza kidonge kimoja kwa wiki cha kuzuia mifupa kudhoofika, haoni kama ni dawa ya kutaja. Vidonge hivyo, na hasa dripu za jamii hiyo wanazopewa wagonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa, vinaweza kuufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya kutobolewa. Mtu wa dripu hizo simwekei. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni naye asiguswe mpaka waliomtibu washauriwe.

Dawa za kulainisha damu usiziache mwenyewe. Wapo walioziacha siku tatu ili "wasitoke damu nyingi kwa daktari wa meno", wakaishia kupooza. Damu ya ufizi tunaweza kuizuia kwa kushona na kukandamiza.

Ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza. Bakteria waliokuondolea meno ya zamani hawatajali kwamba jino jipya ni la titani. Kijana naye asubiri taya limalize kukua, kwenye miaka 18 kwa msichana na 20 au zaidi kwa mvulana. Kipandikizi hakisogei na taya, kwa hiyo meno mengine yataendelea kupanda na lake litabaki chini kama limezama. Na kama unafunga Ramadhani, tupange operesheni baada ya Idi au mapema kabla ya mwezi, maana siku zile za mwanzo kuna dawa za mchana, kusukutua, na uji.

Hatua ya 3: Kupanga, jino kwanza, skrubu baadaye

Hii ndiyo hatua ninayotaka uielewe kuliko zote. Makosa mengi ninayoyaona hayakufanyika siku ya kutoboa, yalifanyika mezani wiki kadhaa kabla, mtu alipotafuta mahali penye mfupa akapiga skrubu, kisha akamwachia fundi wa maabara kazi ya kutafuta jinsi ya kuweka jino juu yake. Utaratibu ni kinyume. Kwanza tunachonga jino la mfano kwenye pengo, kwa nta au kwenye kompyuta, likiwa pale litakapotafuna sawasawa na gego la juu. Kisha tunauliza: mzizi wa jino hili ungekaa wapi? Hapo ndipo skrubu inapokwenda. Kama mfupa haupo, tunaongeza mfupa au tunaacha.

Tuchukue vipimo vya mgonjwa wa kawaida. Pengo lake lina milimita 11 kati ya jino la mbele na la nyuma. Kipandikizi lazima kiache angalau milimita 1.5 kila upande kutoka kwenye jino jirani, kwa hiyo kipandikizi cha unene wa milimita 4.8 kinaingia kwa raha. Upana wa mfupa, kutoka upande wa shavu hadi wa ulimi, ni milimita 8. Tukiacha milimita 1.5 kila upande tena, 4.8 na 3 ni 7.8. Imetosha, kwa kubanabana.

Sasa kina. Ndani ya taya la chini hupita mfereji wenye neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Sheria ni kuacha milimita 2 juu ya mfereji huo. Kwa mgonjwa wetu kuna milimita 13 kutoka kileleni mwa mfupa hadi mferejini. Toa 2, zinabaki 11. Mimi nitachagua kipandikizi cha milimita 10, kwa sababu ncha ya keekee, kile chuma cha kutobolea mfupa, katika baadhi ya mifumo huchimba karibu milimita 1 zaidi ya alama iliyoandikwa juu yake. Daktari asiyejua hilo huamini alama.

Na daktari anayeamini picha pana ya kawaida, ile unayosimama mashine ikakuzunguka kichwa, yuko kwenye hatari nyingine. Picha ile hukuza vitu, mara nyingi kwa karibu robo. Milimita 13 zetu zinaonekana kama 16. Akitoa 2 za usalama anapata 14, anachagua kirefu, anapita mferejini akidhani bado yuko salama. Kama hakuna njia nyingine, kiwekwe kigololi cha chuma chenye kipenyo kinachojulikana wakati wa kupiga picha, ili ukuzaji upimwe. Ila kwa gego la chini mimi nataka picha ya pande tatu. Sababu si neva peke yake: upande wa ulimi, chini ya magego, mfupa hujikunja kuingia ndani kama kiuno cha mtungi. Picha pana haiwezi kukuonyesha kiuno hicho. Keekee ikitokea pale, inakutana na mishipa ya damu ya chini ya ulimi.

Vipimo viwili vya mwisho havihitaji mashine. Fungua mdomo uingize vidole vyako vitatu vikiwa vimesimama. Visipoingia, kifaa cha kutobolea hakitasimama wima huko nyuma. Kisha uma meno, tupime nafasi kati ya ufizi na gego la juu. Ikiwa imebaki milimita 4, hakuna mahali pa kuweka taji, hata kama mfupa ni wa kujivunia.

Kabla hujalipa, omba uandikiwe bei inajumuisha nini. "Bei ya implanti" kwa wengine ni skrubu peke yake; kiunganishi (kipande kinachokaa kati ya skrubu na taji), taji, picha na mfupa wa kuongeza vinakuja baadaye kimoja kimoja kama wageni wa harusi. Uliza pia ni kampuni gani, na kama kuna mtu mwingine nchini anayetumia mfumo huo. Kipandikizi kizuri cha kampuni isiyo na wakala karibu ni mzigo, muulize yule mzee.

Hatua ya 4: Siku ya kupanda

Kula vizuri kabla ya kuja, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi. Meza dawa zako za presha kama kawaida. Wengi wetu hutoa dozi moja ya amoksilini, gramu 2, saa moja kabla. Ukiwa na mzio wa penisilini sema mapema ibadilishwe. Utasukutua kloroheksidini kwa dakika moja, kisha ganzi.

Ufizi unapasuliwa kidogo na kufunuliwa. Keekee ya kwanza ni nyembamba, ya milimita 2, na ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu zinazofuata zinapanua tu njia yake. Ikishaingia nusu, mimi husimama. Naweka pini kwenye tundu, mgonjwa anafunga mdomo kidogo, naangalia pini inaelekea wapi: nataka ielekee katikati ya gego la juu. Tunapiga picha ndogo. Kama imepinda, bado inarekebishika. Dakika tano hizi ndizo zinazowaudhi madaktari wenye haraka.

Utasikia maji mengi mdomoni. Ni maji ya chumvi ya hospitali, yanapoza mfupa. Mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika 1 tu unaanza kufa, na mfupa uliokufa haukumbatii kitu. Kwa hiyo keekee iwe kali, mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika, na mkono uwe unapanda na kushuka badala ya kukandamiza. Harufu ya kuungua isisikike kamwe.

Kipandikizi kinaingizwa polepole, na mashine inasoma nguvu ya kukaza. Kwenye nyutoni-sentimita 35 nafurahi. Chini sana ya hapo nakifunika kabisa chini ya ufizi kipone kwa utulivu. Kupita sana si sifa: mfupa mgumu wa mbele ya taya la chini ukibanwa kupita kiasi hunyauka pembezoni.

Jambo dogo ambalo mgonjwa anaweza kulitazama: bisibisi ya daktari ina urefu wa kucha, na mate huteleza. Iwe imefungwa uzi wa meno, mwisho wa uzi uko nje ya mdomo. Ikimponyoka na ikapotea kooni, usikubali kuambiwa "umeimeza, itatoka". Picha ya kifua na tumbo ipigwe siku ileile, maana ikiwa imeingia kwenye njia ya hewa hadithi ni nyingine.

Kabla hujaondoka, omba kadi. Iwe na jina la kampuni, aina ya kipandikizi, kipenyo, urefu, namba ya toleo, na tarehe. Ile stika iliyo kwenye kifurushi inatosha ukiibandika kwenye daftari. Ipige picha, mtumie mwanao au mkeo kwenye simu.

Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza

Uma pamba kwa nusu saa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 shavuni, dakika 20 mapumziko. Usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usisukutue siku hiyo. Kesho yake anza maji ya chumvi ya uvuguvugu, na chakula laini: uji, mtori, wali uliopikwa kwa maji mengi. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo usiogope ukiamka umevimba kuliko jana. Nyuzi za mshono zinatolewa baada ya siku 7 hadi 10.

Yafuatayo hayasubiri:

Kesho asubuhi mdomo wa chini au kidevu bado vimekufa ganzi, au vinachonyota kama umekalia mguu. Piga simu saa hiyo. Huenda kipandikizi kinaigusa neva. Kukirudisha nyuma au kukitoa ndani ya saa 24 hadi 36 za kwanza ndiko kunakoipa neva nafasi nzuri ya kupona; baada ya miezi, kukitoa mara nyingi hakubadilishi kitu. Daktari anayekwambia "subiri tuone wiki mbili" bila kupiga picha, mwache uende kwa mwingine.

Chini ya ulimi panajaa, ulimi unapanda juu, sauti inabadilika kama mtu aliye na kitu mdomoni, kumeza kunakuwa kugumu. Hiyo ni damu inayovuja ndani, na inaweza kuziba njia ya hewa. Nenda hospitali yenye chumba cha dharura, si kliniki ya meno. Kaa wima, usilale chali. Inaweza kutokea ungali kwenye kiti au saa kadhaa baada ya kufika nyumbani. Ni nadra sana, lakini mimi humwambia kila mgonjwa wa taya la chini, pamoja na ndugu aliyemsindikiza.

Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya nne badala ya kupungua, usaha, au homa, rudi siku hiyohiyo. Usinunue antibayotiki dukani kwa mazoea.

Hatua ya 6: Miezi ya kungoja

Kwa taya la chini tunangoja takriban miezi 3, la juu hungoja zaidi kwa kuwa mfupa wake ni laini. Na hapa pana mtego. Siku ya kwanza kipandikizi kimeshikwa na mbano tu, kama msumari kwenye ubao. Mfupa uliobanwa huanza kuyeyuka ili ujengwe upya, na mfupa mpya bado haujafika. Kwa hiyo kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku zote kwenye wiki ya 3 na ya 4. Ni wakati uleule ambao uvimbe umekwisha, nyuzi zimetoka, na wewe unajisikia umepona. Kijana mmoja aliniambia bila aibu kwamba wiki ya nne alijaribu kuvunjia mfupa wa mbuzi upande ule "kuona kama kimeshika". Tulikitoa kwa vidole.

Wapenzi wa mirungi nao wahamishe shavu.

Hatua ya 7: Taji

Ukiweza kuchagua, chagua taji la kufungwa kwa skrubu kuliko la kugandishwa kwa simenti. Simenti ikibaki chini ya ufizi, hata punje, huwasha ufizi na kula mfupa polepole, na kwenye kipandikizi hakuna kinachoizuia kushuka. Taji la skrubu lina tundu dogo juu. Daktari hukaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kampuni, hungoja dakika kumi, hukaza tena, kwa sababu skrubu hulegea kidogo inapojilaza. Kisha anajaza tundu kwa tepu nyeupe, ndiyo, ileile aina anayotumia fundi bomba, imesafishwa, na juu yake dawa ya rangi ya jino. Tepu hiyo ndiyo itakayomrahisishia mwenzake siku ya kufungua.

Jino lako la asili limening'inia kwenye nyuzi laini, likibanwa hushuka kidogo. Kipandikizi hakishuki. Kwa hiyo taji liwe jepesi: ukiuma taratibu, karatasi nyembamba ya kupimia iteleze katikati, ukiuma kwa nguvu, ndipo ishikwe. Likiwa refu hata kidogo, hutasikia maumivu ya kukuonya, kwa kuwa halina nyuzi za kuhisi. Litavunja kitu kimya kimya. Ukisaga meno usingizini, na mwenzako kitandani ndiye anayejua, tengeneza kinga ya usiku.

Picha ya eksirei ipigwe siku ya kufungwa taji. Ndiyo kipimo cha kulinganishia miaka yote inayofuata. Bila hiyo, mtu akiona mfupa umepungua mwaka wa tano hawezi kujua umepungua lini.

Hatua ya 8: Likianza kukuletea shida

Chakula kinakwama kati ya taji na jino la mbele, jambo ambalo mwanzo halikuwepo. Meno ya asili husogea mbele kidogo kidogo maisha yote, kipandikizi hakisogei, nafasi inafunguka. Si kosa la mtu. Taji la skrubu linafunguliwa, linaongezwa upande, linarudishwa.

Taji linacheza. Kwanza jua kinachocheza ni nini. Kama ufizi hauumi na kuna mlio mdogo unapouma, au ladha mbaya ukilifyonza, mara nyingi ni skrubu ya ndani, na kipandikizi kiko imara. Acha kutafunia hapo leo, si kesho. Kila siku ya kuchezacheza inalika nyuzi au kuivunja skrubu ndani, na kutoa kipande kilichovunjikia ndani ni kazi ya saa nzima kwa kikuzio na mkono usiotetemeka. Skrubu ikilegea mara ya pili, kukaza tena peke yake ni kupoteza muda. Tafuta kwa nini: taji refu, pana mno, au halijakaa sawa kwenye kiunganishi.

Ufizi unatoka damu ukipiga mswaki. Kama picha inaonyesha mfupa haujasogea, ni ufizi tu, na unarudi: kusafishwa, kisha uzi wa meno na vibrashi vidogo vya katikati ya meno kila usiku. Vibrashi hivyo viwe na waya uliofunikwa plastiki. Mara nyingi naona sura ya taji ndiyo tatizo, limechongwa kama uyoga na brashi haipiti. Hapo apunguziwe taji, asilaumiwe mgonjwa.

Damu pamoja na usaha, na mfupa umeshuka ukilinganisha na picha ya siku ya taji. Hapa antibayotiki peke yake haitibu. Utando wa bakteria umeng'ang'ania nyuzi za titani, dawa haiwafikii vya kutosha. Taji linatolewa, panasafishwa, baada ya wiki kadhaa panapimwa tena. Bado pakiwa na damu na shimo refu, tunafungua ufizi na kusafisha kwa macho. Wakati mwingine mfupa unaweza kuongezwa, kutegemea umbo la shimo: shimo lenye kuta pande zote hupokea mfupa, lililo wazi halipokei. Sigara ikiendelea, nakwambia kabla hatujaanza kwamba tutarudi hapa.

Kipandikizi chenyewe kinacheza au kinazunguka ndani ya mfupa. Hicho hakikazwi, hakisubiriwi, hakipewi dawa. Kimekataa, kinatolewa. Kikiwa kimekataa mapema, kabla ya taji, hutoka kwa urahisi na shimo hujaa mfupa lenyewe; tunangoja miezi 2 au 3, tunatafuta sababu, tunajaribu tena, mara nyingi kwa kipana kidogo. Kikikataa baada ya miaka, mfupa uliopotea huwa mwingi zaidi na safari inaanzia hatua ya 3, na picha mpya ya pande tatu. Waulize kabla hawajakitoa nani analipa mara hii. Swali hilo lilipaswa kuwa na jibu lililoandikwa tangu siku ya bei.